Mawe Waliyotagia Mbasa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapochanganya zege. Mwanangu, sijazeeka vya kutosha kukuita hivyo, na naona aibu kidogo. Lakini wewe unaanza ufundi sasa, na mji wetu wa Kyela unakua haraka, kwa hiyo siwezi kungoja mvi ndipo niseme.

Ufundi sikufundishwa. Nilitazama wenzangu wakijenga, nikajenga, nikabomoa, nikajenga tena. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, kila kosa lilinitisha. Nilipopata kazi yangu kubwa ya kwanza, nyumba ya mwenye duka kule Ndandalo, palipokuwa na majaruba ya mpunga, nilizikataa kokoto za kuponda. Zilikuwa na vumbi, nyingine kubwa, nyingine ndogo, zilinikosesha raha. Nikaenda mtoni, juu kidogo ya Ipyana, mahali ambapo maji ni haba na chini kuna changarawe tupu. Nikaanza kuchagua mawe ya mviringo, safi, yanayolingana, kama mtu anayechambua mchele wa harusi.

Siku ya tatu akaja Mzee Asegelile, mvuvi tuliyemfahamu wote. Akasimama ukingoni.

"Ndaga, fundi," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Unajenga nyumba au unachumbia mawe? Maana unayashika moja moja."

"Nataka yanayofanana, mzee."

"Hata mbasa anataka hayo hayo."

Akanieleza. Mbasa, yule samaki mkubwa wa ziwani, hupanda mto wakati wa mvua kuja kutaga. Mayai huyaacha katikati ya mawe safi, maji yapite na kuyapa pumzi. Kwenye tope hufa. Na mzee huyu nyumba yake ilikula kwa sababu ya samaki huyo.

"Mto ni mrefu," nikasema. "Watataga mbele huko."

"Mama yako alikuzalia barabarani kwa sababu barabara ni ndefu?"

Vijana wangu waliokuwa wakipakia mawe kwenye trela wakaangua kicheko. Mimi nikakasirika, na si kwamba alikosea. Nilijua anasema kweli, ila msingi wangu ulikuwa umefika nusu. Nusu mawe haya, nusu mawe yale? Nisingeweza hata kuutazama. Nikapakia mpaka mwisho.

Msingi ulisifiwa sana. Mafundi wenzangu wakaniuliza mawe nimeyatoa wapi, na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize vizuri: nikawaelekeza. Tena kwa majivuno. Mji ulikuwa unajengwa kila upande, na trela zikawa zinashuka mtoni tangu asubuhi mpaka jioni.

Mvua zilipoanza, Mzee Asegelile alinichukua tukaenda kuangalia. Hakunitukana, ni afadhali angenitukana. Chini palikuwa na tope tupu. Mbasa wachache walipanda, wakazungukazunguka, wakageuka kurudi ziwani.

"Mtumbwi nauuza," akasema.

Nilimwomba asubiri. Nikayakusanya mawe yaliyobaki pale Ndandalo, nikayaosha, nikayarudisha mtoni. Tope linayafunika, nami nayafukua. Mzee huja kunisaidia siku nyingine, akinigombeza niache kuyapanga kwa mistari. Mtumbwi bado hajauuza. Sijui kama mbasa watayakubali mawe yale, na kila wingu likitanda natoka kuangalia.

Mwanangu, mji lazima ujengwe; watu wanahitaji pa kulala. Lakini kabla hujachukua jiwe, hujachota mchanga, hujafyeka matete, uliza kitu hicho kinafanya kazi gani pale kilipo. Muulize anayeishi kwa mahali hapo, usimuulize mwenye nyumba peke yake. Ukiambiwa kina kazi, kiache siku hiyo hiyo, hata kazi ikibaki na doa. Doa la ukutani utalipiga lipu. Na usimwelekeze mwingine mahali ambapo wewe mwenyewe ulipaswa kuacha.

Mungu aipe mikono yako utulivu ambao mimi bado ninautafuta, na watoto wako waje kula mbasa waliozaliwa katika mto wetu.