Mita Arobaini Juu ya Tambarare

Je, rubani yule aliiona droni yangu? Nimejiuliza mara nyingi, na hadi leo sina jibu.

Nilikuwa eneo la Mamba, kwenye milima ya Upare, nikipiga picha za mashamba ya tangawizi kutoka angani. Kikundi cha wakulima kilihitaji ramani ya kuombea mfereji wa maji. Kibali changu kilitaja mashamba hayo pekee, pamoja na kimo nisichopaswa kukizidi. Siku hiyo akanijia mzee mfugaji kutoka tambarare. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaeleza kwamba mitamba wake wanne walikuwa wamepotea tangu alfajiri na huenda walielekea hifadhini, ambako wangekamatwa. Akaniomba niwatafute kwa chombo changu. Nilijua kibali hakifiki huko. Nilikubali kwa kumheshimu na, nikiri, kwa kupenda kuonekana mtu wa msaada.

Tulisimama ukingoni mwa mlima, nikairusha droni kuelekea bondeni. Kioo cha rimoti kilionyesha mita arobaini, nami nikatulia. Sisi tuliolelewa mlimani huhesabu kimo kuanzia miguuni petu, na chombo kile nacho huhesabu kuanzia kiliporukia. Chini yake ardhi ilikuwa imeporomoka mamia ya mita. Nina shahada ya upimaji ardhi, na sikulifikiria hilo.

Mitamba tuliwaona kando ya korongo, bado nje ya hifadhi. Mzee alikuwa akicheka kwa furaha pale ndege ndogo ya doria ya hifadhi ilipochomoza nyuma ya mwamba, usawa wa droni. Niliishusha droni kwa kasi yote iliyokuwa nayo. Ndege ikapita palepale droni ilipokuwa sekunde chache kabla. Nilimwona rubani, vipokea sauti masikioni, kichwa kimeinama kidogo. Hakuyumba. Akaenda zake.

"Nzi wako nusura aliwe na tai," mzee alisema. Kisha akaniona nikiirudisha droni upesi. "Mbona haraka? Hakuna aliyeona."

Alichukua fimbo yake akateremka kuifuata mifugo.

Jioni nilimsimulia mwenyekiti wa kikundi, mama ambaye huniita mwanangu ingawa nina mvi. Alinisikiliza huku akiosha tangawizi. Alinisihi nimalize ramani kwanza: yalibaki mashamba mawili tu, na nikienda kujiripoti wilayani, kibali kingesimamishwa, kiangazi kiwakute hata maombi hayajapelekwa.

"Hukumgusa rubani yule, mwanangu. Umemkosea nini?"

"Atapita tena, mama. Na mwingine atasimama pale ukingoni, aone mita arobaini, aamini kama nilivyoamini mimi."

Aliacha kuosha, mikono ndani ya beseni.

"Mimi nitawaambiaje wenzangu?"

Nilimjibu kwamba nitawaambia mwenyewe. Akarudi kuosha tangawizi, wala sikumlaumu.

Asubuhi, kabla ya kuteremka, nilipita kwa wanakikundi waliokuwa wakipakia magunia nikawaeleza yote. Mmoja alinigeuzia mgongo. Nikapanda bodaboda hadi barabara ya gari, nikafika Same, ofisi za wilaya zikiwa zimeshafunguliwa. Nilimwekea afisa mezani droni, kadi ya picha na kibali, nikaomba karatasi. Niliandika mahali niliporushia, kimo kilichosomeka kiooni, na kimo halisi juu ya tambarare. Nikatia saini.