Mikono Iliyokuja na Jina

Kitu cha kwanza huwa ni mdomo. Unakauka kabla hata mchezo haujaanza, ulimi unakuwa kama kipande cha gunia. Halafu vidole vinapata baridi, na ni saa saba mchana, mabati ya Mbita yanalia kwa joto. Halafu nasahau kupumua. Haya nilikuwa nayaandika nyuma ya daftari langu la jiografia kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia, na hata ningekuwa naye nisingemwambia. Mimi si mtu wa kuongea.

Nilikuwa fomu two. Kwetu ni Migori mjini, lakini likizo hiyo ya Agosti baba alinipeleka kisiwani Rusinga nikae na Dani, nyanya yangu, kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua. Dani alikuwa na redio aliyoiunganisha na betri ya gari. Betri ikiisha nyumba nzima inakosa raha, maana yeye hawezi kulala bila kusikia matangazo ya vifo ya jioni. Kazi yangu ikawa kuifunga ile betri kwenye keria ya baiskeli, kuvuka kwa tuta la ziwani hadi mjini Mbita na kumpelekea fundi wa redio aichaji. Chaji inachukua siku nzima. Na fundi alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, pamoja na gemu iliyotoka Nairobi. Anayengoja betri anaruhusiwa kucheza.

Mchezo wenyewe ni wa matofali yanayoanguka. Mnakaa wawili, kila mmoja na upande wake. Gumba la kushoto linasogeza tofali, la kulia linaligeuza lipate kukaa. Ukijaza mstari, unafutika kwako na mzigo unaangukia kwa mwenzako. Rundo la nani likigusa juu, amekwisha.

Nilianza kushinda siku ya tatu. Nasema ukweli, sijawahi kuwa mzuri kwa kitu chochote kiasi hicho. Darasani nikiulizwa swali shingo inawaka moto na sauti inapotea. Pale nilikuwa natetemeka vilevile, moyo unapiga hadi nausikia kwenye meno, lakini vidole vilikuwa vinajua. Wakati mwingine vilikuwa vimeshageuza tofali kabla sijaliona vizuri.

Kisha matofali yakaanza kunifuata nyumbani. Nikifumba macho yanaanguka. Kanisani siku ya Sabato niliyaona yakishuka polepole kati ya mabenchi, bila sauti, yakitafuta nafasi kwenye mabega ya wazee.

Alasiri moja nilijilaza kwenye mkeka baada ya chakula. Nilipoamka Dani alikuwa ameketi karibu yangu kwenye kigoda, haangalii uso wangu. Anaangalia mikono. Nikaiangalia na mimi. Vidole gumba vilikuwa vinatembea juu ya tumbo langu, cha kushoto kinabonyeza, cha kulia kinavuta. Nilikuwa macho kabisa, na bado vilikuwa vinatembea.

"Hiyo mikono si yako," Dani akasema. "Hiyo naijua."

Lazima nieleze jina langu lilivyokuja. Nilipozaliwa nililia siku mbili mfululizo. Kwetu mtoto akilia hivyo, wanaitwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na yule ambaye mtoto atanyamaza akitajwa ndiye amekuja, jina ni lake. Mimi nilinyamaza kwa mke mkubwa wa babu, mke mwenza wa Dani. Nilijua alikuwa mfumaji wa nyavu. Ambalo sikulijua, Dani aliniambia siku hiyo: kwamba alipougua, vidole vyake vilianza kufuma wavu juu ya blanketi, wavu ambao haupo, gumba moja likibonyeza fundo na jingine likivuta uzi. Walimshika mikono, haikutulia. Walimzika kabla mwezi ule haujafa.

Sikumwambia habari ya gemu. Angefurahi kusikia ni gemu tu, na kesho yake asingeniruhusu kwenda.

Asubuhi yake aliniombea kwanza Kisabato, tumepiga magoti. Halafu akanishika mkono tukaenda pale nyumba ya mke mkubwa ilipokuwa, sasa imebaki tuta la udongo na majani. Akanimwagia maji mikononi. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua. "Mke mwenzangu, keti. Mtoto ana kazi zake." Kisha akanigeukia: hadi shule ifunguliwe nisilitamke lile jina kwa kinywa changu. Mimi kulitamka ni kumwita.

Jina langu mwenyewe. Kwa mtu kama mimi haikuwa shida. Mikono ikatulia siku hiyohiyo. Ilitulia mno, ikawa kama ya kuazima.

Jumapili ya mwisho ya likizo, betri iliisha tena. Fundi alikuwa amepanga nicheze na kijana wa fomu four kutoka Homa Bay ambaye hakuwa ameshindwa na mtu likizo nzima. Watu walijaa hadi mlangoni. Yule kijana alinipa pedi ya kuchezea, akawaambia wenzake wanyamaze kidogo, bubu anataka kuomba. Wakacheka. Nami nikacheka bila sauti.

Raundi ya kwanza nilishindwa vibaya. Mdomo haukukauka. Moyo ulikuwa unapiga taratibu kama wa mtu aliyelala. Niliona kila tofali waziwazi, nikalifikiria, na nilipomaliza kulifikiria lilikuwa limeshakaa mahali pabaya.

"Sistangu, kwani umechoka kuishi?" akaniuliza, na hakujua aliloliuliza.

Raundi ya pili rundo langu lilikuwa karibu kugusa juu. Nilikuwa na nafasi ya kushindwa tu, nichukue betri, nirudi kwa Dani na mikono iliyotulia. Nilimwona yule kijana kwa pembe ya jicho, mshipa wa shingo yake unaruka. Nikauonea wivu ule mshipa. Nikainamisha kichwa na kulitamka jina, chini sana, mara moja.

Mate yakakauka papo hapo. Baridi ikapanda kutoka kwenye kucha hadi kwenye viwiko, nywele za mikono zikasimama. Mshipa wa yule kijana na moyo wangu vikawa vinapiga pamoja, pigo kwa pigo. Kisha nikaona kisogo. Nywele zimesukwa mistari, kola ya gauni la kijani. Ilinichukua muda kujua ni kisogo changu, namwangalia msichana anayecheza, na mbele yake vidole vinafunga mafundo haraka, bila huruma, mstari unafutika, mwingine, mwingine.

Watu walipopiga kelele nilikuwa nimerudi ndani. Gauni limelowa mgongoni. Raundi ya tatu siikumbuki. Fundi alisema ilikuwa fupi. Yule kijana hakunitania tena. Aliniuliza tu kwa nini sikuwa napepesa macho.

Nilitapika nyuma ya duka, nikafunga betri, nikavuka kurudi Rusinga nikiwa nimeshika usukani kwa nguvu zote.

Jioni Dani alifungua redio. Msomaji akaanza kuwataja marehemu na watoto wao na wakwe zao. Katikati ya majina Dani akapunguza sauti.

"Nyakwara, mikono imetulia?"

"Imetulia, Dani."

Akaniangalia kidogo, akarudisha sauti juu. Mikono nilikuwa nimeikalia.