Kabati Langu la Vitabu

Nimewatetea wafanyakazi mahakamani miaka ishirini, na kila shahidi wangu nimemwambia aseme analolijua tu. Juzi ilikuwa zamu ya Bi Saumu, aliyefukuzwa kiwandani Changamwe bila kusikizwa. Alitoa ushahidi kwa video kutoka ofisini mwangu, Magongo.

"Wakili, nikae hapo mlangoni penye upepo," aliniomba.

Nilikataa. Nilimketisha mbele ya kabati langu la vitabu vya sheria, ili jaji avione. Mimi nikakaa upande wa pili wa kompyuta, mahali ambapo kamera hainifikii.

Wakili wa kampuni alimuuliza tarehe aliyofukuzwa. Bi Saumu akanyamaza. Nikaogopa amesahau, nikaiandika kwa kalamu nene na kuinua karatasi juu.

"Naikumbuka, wallahi. Ilikuwa kesho yake baada ya arusi ya mwanangu," akasema, akaitaja sawasawa. Hakuwa amenitazama hata kidogo.

Jaji akavua miwani. "Wakili, milango ya kabati hilo ni ya kioo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi shusha karatasi, nimekuona. Na huyu mama sasa nitamwaminije?"