Meza ya Baba Ilikuwa Inacheza

Mvua ilikuwa inapiga Migori vibaya sana siku hiyo, na baba yangu mzazi alikuwa amesimama nje ya mlango wangu, amelowa chapachapa, anakataa kuingia.

"Tata, ingia basi. Utashikwa na homa."

"Niko sawa hapa."

Alikuwa ameniletea meza. Ameitengeneza kwa mkono wake, akaipakia kwa pickup kutoka Rangwe mpaka kwangu. Iliposhuka tu, akashika bega la dereva, wakarudi garini. Chai ya mke wangu ikabaki inapoa kwenye kikombe.

Wasee, kabla hamjamtukana mzee wangu, niwaeleze.

Sisi ni Wakisii. Kwetu, ukishaoa, baba yako haingii nyumba unayolala na mke wako. Ni heshima. Na mimi Osoro nilikuwa naishi chumba kimoja na mke wangu Phelesia. Kitanda, jiko na viatu, vyote vinatazamana.

Phelesia ni Mluo wa Homa Bay. Hiyo mila ilimshinda.

"Kwetu mzee, jaduong', angekaa kwa kiti kizuri, aletewe samaki," alisema. "Huyu wenu anasimama kwa mvua kama askari!"

"Zoea," nikamwambia.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya mtandaoni. Nasikiliza mikutano ya kampuni moja ya ng'ambo, naiandika, na mara nyingine naongea nao kwa kamera. Ofisi ya kukodi mjini ilikuwa ndoto, kwa hivyo nikajitengea kona karibu na dirisha.

Na meza ningemwomba nani kama si Mzee Maranga? Baba yangu ni fundi. Walimu wengi kule Asumbi wanasahihishia vitabu kwenye meza zake. Watu husema kwenye meza ya Maranga unaweza kuweka kikombe cha chai kimejaa hadi ukingoni, uandike barua nzima, na tone lisimwagike.

Sasa sikia yangu.

Niliweka laptop, meza ikainama. Nikaegemea upande wa pili, ikainuka. Droo ilikwama katikati, haiendi mbele haiendi nyuma. Chini ya ubao kulikuwa na mistari ya penseli imepishana ovyo, kama ya mtoto wa chekechea.

Kwenye mkutano wa kwanza, bosi aliniuliza kama kwetu kuna tetemeko la ardhi.

Nilicheka naye. Halafu nikazima kamera, nikaiangalia ile meza, na machozi yakanitoka. Mtu mzima na ndevu zangu.

Kwa sababu nilijua maana yake. Au nilidhani najua.

Baba hakuwahi kuipenda kazi yangu. Nilipomweleza mara ya kwanza aliniuliza, "Kazi gani hiyo ya kuongea na ukuta?" Sasa watu baki anawapigia randa mpaka ubao unateleza, na mimi mwanawe wa pekee ananitupia kitu kama hiki. Ungefikiria nini?

Nikampigia simu.

"Tata, meza inacheza."

"Kama ni mbaya, pasua kuni," akasema, akakata.

Iliniuma, wacha tu. Mama alishatutoka, hakuna wa kutupatanisha. Baba alikuwa anaishi peke yake kule karakana, na mimi huku. Salamu zetu zikawa za kuhesabu maneno. Mguu mfupi wa meza nikauwekea kipande cha boksi nilichokunja, nikaendelea na kazi.

Kisha mpangaji wa chumba cha pili akahama.

Phelesia alisimama mlangoni pa kile chumba, mikono kiunoni.

"Kikodi hiki. Kina mlango wake, hakina kitanda, hakina sufuria yangu. Tuone mzee atasingizia nini."

Sitawadanganya, nilikitengeneza kile chumba kama anayetengeneza nyumba ya bibi harusi. Nilikuwa natamani kitu kimoja tu: baba aingie, aone, aseme mwanangu ana kazi.

Meza niliiweka ubavuni mwa dirisha ili mwanga usinipige machoni. Waya zote nikazipitisha ukutani, zisimkwaze mtu. Upande wa kinu cha posho cha jirani nilitundika blanketi nzito kukata kelele, Phelesia akalifunika kwa leso ili lionekane pambo. Mkeka wa mafunjo tuliutoa Sori, kule ziwani. Kuta nikazipaka bluu, ile bluu ya ziwa kukiwa kumetulia.

Nyuma ya kiti changu, pale kamera inapoangalia, nikatundika picha kubwa ndani ya fremu. Ni baba akiwa karakana, penseli sikioni, anacheka. Nilitaka kila anayeongea nami kutoka ng'ambo amwone.

Nikampigia. Safari hii sikutaja meza mbovu.

"Tata, ofisi ina mlango wake. Haina kitanda. Njoo uone."

Akarudia, "Haina kitanda?"

"Haina."

"Nitakuja Jumapili, baada ya Sabato."

Jumapili asubuhi nilitoa kile kipande cha boksi chini ya mguu wa meza. Sikutaka akione aaibike.

Alikuja kwa boda. Mwendeshaji alimshika mkono mpaka mlangoni, nami nikadhani ni matope. Akasimama pale kwenye kizingiti kama kawaida yake, kisha akaingia. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, baba yangu akaingia mlango wangu.

Akagonga kiti kwa goti.

"Pole, tata!"

"Si kitu. Pazuri." Akageuza uso polepole. "Umefanya vizuri kupaka nyeupe. Nyeupe inatoa mwanga."

Phelesia akanitazama. Mimi nikatazama ukuta wangu wa bluu.

Akanyoosha mikono mbele, akaipata meza. Akaipapasa pembe kwa pembe, taratibu. Nikaona anataka kuiegemea. Nikakaa haraka, nikaikaza kwa goti kutoka chini kwa nguvu zangu zote.

Akaegemea. Haikusogea.

"Ulisema inacheza."

"Ilikaa sawa yenyewe, tata. Haichezi tena."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kumwona akifurahi hivyo. Goti langu lilikuwa linatetemeka.

Halafu akainua kichwa kuelekea kwenye ile picha. Nadhani aliona kivuli tu, kitu cha mraba chenye umbo la mtu.

"Na huyu hapa juu? Ndiye bosi wako?"

Wasee, hebu fikirieni.

Alikuwa anajiangalia mwenyewe.

"Ndiye," nikasema. "Ndiye bosi wangu."

"Anaonekana mtu mzuri."

"Mzuri sana, tata."

Phelesia hakuvumilia. Alienda akamshika mkono. Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe, na mzee alishtuka akataka kuuvuta. Phelesia hakuuachilia.

"Jaduong'," akamwambia akilia, "huoni, sivyo?"

Baba alipapasa nyuma yake. Kisha akakalia kile kiti alichokigonga.

"Naona kidogo tu," alisema. "Kwingine ni moshi. Ulianza kabla ya hiyo meza. Nilipima kwa kidole, kwa sababu futi sikuweza kuisoma tena. Nilijua ni ya mwisho, nikataka iwe yako."

"Mbona hukusema?"

"Fundi asiyeona, nani atamletea mbao? Nikaja hapa, ukaniambia niingie. Ningeingia ungejua. Nikashukuru mila."

Mungu wangu! Ile mvua yote, na mimi ndani nikisema ni heshima.

Tulimpeleka hospitali Homa Bay kesho yake. Daktari akasema ni presha ya macho. Kilichobaki wanaweza kukilinda kwa dawa, kilichokwenda hakirudi. Akauliza kwa upole kwa nini hatukumleta mapema.

Siku hizi baba amekodiwa chumba kwenye ploti yetu. Asubuhi Phelesia humshika mkono, akamleta ofisini, naye mzee akakaa kwenye kile kiti kunisikiliza nikiandika. Boksi nimelirudisha chini ya mguu wa meza, na sitaleta fundi mwingine aiguse.

Nikiwa na la kuwaambia ni hili. Mila nzuri inaweza kuficha mtu anayeumia, na mkiheshimiana mno mnaweza kupoteana mkiwa mlango mmoja. Mzazi wako akifanya kitu kisichofanana naye, usinune. Mwendee, umuulize. Kuuliza si ujinga.

Ile picha bado iko ukutani. Sijamwambia baba ni ya nani. Kila akiingia, kabla hajakaa, huinua uso kuelekea pale.

"Bosi hajambo?"

"Hajambo, tata."