Siku Kimeng'enya Kilipomsubiri Mgeni Rasmi

Mimi ndiye yule mtu aliyesimama na maikrofoni mbele ya ukumbi mzima hapa Mtwara akatangaza kwamba ametengeneza kitu, kumbe alichonacho mkononi ni kile kile alichoanza nacho asubuhi. Mkicheka chekeni tu, hata mke wangu alicheka, na yeye ana haki zaidi kwa sababu ndiye aliyeipiga pasi suti niliyovaa siku hiyo.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, taratibu, msiogope. Kuna molekuli ambazo ukizibandika mkia wa fosfeti zinakuwa mali kwa wanakemia, wanazitumia kuundia vitu vingine, dawa kwa mfano. Kuubandika mkia huo kwa kemia ya kawaida ni vurugu ya viyeyusho vikali na hatua nyingi. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kinaubandika ndani ya maji, kimya kimya. Mimi na mwenzangu Somoe, mkemia mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi, tulichukua kimeng'enya cha bakteria tukakibadilisha sehemu chache ili kiifanye kazi hiyo vizuri. Kifikirieni kama msusi wa kule Ufukoni: mletee rasta, yaani fosfeti, atasuka mpaka ufurahi, lakini zikimwishia hakai bure, anaanza kufumua kichwa alichokisuka mwenyewe. Tabia hiyo ya kufumua tulikuwa tumeipunguza, hatukuwa tumeiondoa. Kwa hiyo kazi ikiiva unatia asidi, kimeng'enya kinakufa, mikia inabaki. Basi, ni hivyo tu.

Sasa, chumba chetu cha maabara kilikuwa kinamezewa mate na Bwana Chilumba, ofisa utawala wa chuo, ambaye alitaka kuhifadhia humo viti vya plastiki na maturubai ya sherehe. Mwenyekiti wa bodi ya chuo angekuja kama mgeni rasmi kujionea kazi yetu: akiridhika tunabaki, asiporidhika viti vinaingia.

Asubuhi tukaanza, na kila kitu kilikwenda vizuri. Ila kwetu hakuna jambo linaloonekana limefanyika kama mgeni rasmi hajaketi, na mgeni rasmi alikuwa ameamua kupitia kwanza Mnazi Bay kuona visima vya gesi (na huko, tulisikia baadaye, walimwandalia kamba wa kukaanga, na mtu mzima haachi kamba mezani).

Somoe akanifuata pale mlangoni mwa ukumbi. "Kaka Issa, imeiva. Tukizime sasa, tuweke pembeni, akija tumwonyeshe."

"Umwonyeshe mgeni rasmi kiporo?" nikamjibu, tena kwa dharau, nikitengeneza tai. "Lazima aone kikifanya kazi mbele ya macho yake."

"Kitafumua."

"Tumeshakirekebisha."

"Tumekipunguza kasi, hatujakifundisha adabu. Basi nitoe hata kidogo niweke akiba."

Nikakataa na hiyo akiba! Eti mgeni asije akafikiri tumempikia mahali pengine. Nikarudi kwenye kiti cha mbele nikapanga miguu kama mwenye mji. Kwaya ya wafanyakazi ikaimba, ikarudia, mshereheshaji akamaliza vichekesho vyake akaanza kuomba vya watu, dua ikasomwa, sala ikasaliwa, na muda wote huo msusi wangu kule kwenye chupa, rasta zikiwa zimekwisha zamani, anafumua tu.

Mwenyekiti akafika akiwa ameshiba. Nikashika maikrofoni, na kwa kuwa nilikuwa nimeomba projekta (mwenye kuitafuta aibu hakosi vifaa), nikaeleza kila hatua kwa upole wangu wote: hiki ni kibao chenye unga mweupe, hapa chini nimedondosha sampuli, kiyeyusho kikipanda kitabeba molekuli zisizo na mkia hadi juu, zenye mkia wa fosfeti zitabaki huku chini, tukimulika kwa taa hii tutaona doa kubwa, hapa, chini. Watu wakaelewa kabisa. Hilo ndilo lililoniua, maana ningekuwa mwalimu mbaya zaidi ningepona.

Nikamulika. Kwenye skrini pana kama ukuta likatokea doa moja, juu. Chini peupe.

Ungedhani hapo ningesema ukweli nikakaa. Aa wapi. Nikasema labda taa imechoka, nikabadilisha taa, doa likang'aa vizuri zaidi kule kule juu. Nikasema turudie na kibao kipya, na ukumbi mzima ukangoja tena, kiyeyusho kikipanda polepole, na Somoe amekunja mikono ananitazama bila hata kupepesa macho. Doa likapanda juu.

Mwenyekiti akainua kidole. "Daktari, kama nimekufuata, na umeeleza vizuri sana, mmetengeneza kile mlichoanza nacho?"

Chilumba akadakia kutoka nyuma. "Mheshimiwa, hata mimi ni mtafiti! Leo nimeanza na viti, na jioni hii nina viti!"

Ukumbi ukaangua vicheko. Na yeye ni Mmakua, mimi Mmakonde, watani, kwa hiyo sikuwa hata na ruhusa ya kununa, ikabidi nicheke pamoja nao, meno nje, jasho likishuka ndani ya suti.

Viti viliingia wiki ile ile. Tumeachiwa kona moja karibu na sinki, na kila tukitaka kufungua kabati tunahamisha kwanza safu nzima. Somoe alichukua karatasi akaandika "KIKIIVA, KIZIME", akaibandika juu ya kioo ninapochania nywele.

Nami nimeapa. Sasa kikiiva nakiua hapo hapo, awe anakuja waziri au mama mkwe. Mgeni akichelewa atakula kiporo, na akilalamika kwamba hakukiona kikifanya kazi, nitamvutia kiti akae nimweleze. Viti tunavyo.