Rangi ya Kucha Juu ya Shaba

Nikipita mbele ya saluni za pale stendi ya Bariadi, mlango ukiwa wazi na mtu ndani anapakwa rangi ya kucha, ile harufu kali inayopanda puani mpaka kwenye paji la uso hunisimamisha. Wenzangu wakiinusa hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka beseni la plastiki, siki, na bibi yangu akiniuliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto: "Hicho kitu kimeiva au bado?"

Bibi aliitwa Kwandu. Alikuwa mama mzazi wa baba yangu, na aliishi peke yake Mwamapalala, kwenye nyumba ya tofali za udongo yenye bati lililoanza kushika kutu pembeni. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, nikikaa Bariadi mjini na wazazi wangu, na kila likizo nilipelekwa kwake nikamsaidie shamba. Masikio yake yalikuwa yanakwisha taratibu. Ungeweza kupiga hodi mpaka koo likauke, naye yuko ndani anachambua choroko, ametulia kabisa.

Mbuzi waligundua jambo hilo kabla ya watu. Waliingia uani wakala mahindi yaliyoanikwa, wakanywa maji ya ndoo, na siku moja beberu la jirani liliingia mpaka chumbani likakutana na Bibi uso kwa uso. Tulicheka sana. Baba mkubwa Shija hakucheka.

Baba mkubwa ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na alikuwa mtu mwema ambaye hakujua kumpenda mtu bila kumpa amri. Basi kiangazi kile jirani alikuwa anachoma mabua, moto ukashika ua wa Bibi. Jirani aliita, akaita tena, mwisho akaingia mwenyewe kumtoa. Uliungua upande mmoja tu, lakini habari ilipofika Bariadi ilikuwa imenenepa. Baba mkubwa akaamua: pamba ikiisha shambani, Bibi atahamia kwake, kwenye chumba cha uani, na nyumba ya Mwamapalala itaezuliwa bati.

"Sihami," Bibi alisema siku walipokuja kumweleza.

Wakubwa wote wakatikisa vichwa kwa upole, kama unavyomtikisia mtoto anayesema hataki uji, kisha wakaendelea kupanga siku ya kuleta gari. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti. Nilihisi kitu kama kaa la moto kikiniingia kifuani. Alikuwa amesema. Walikuwa wamesikia. Sasa nani alikuwa kiziwi pale?

Nilikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio iliyokufa nyumbani kwetu haikuzikwa kabla sijaipasua. Kwenye simu ya mama nilikuwa naangalia video za jamaa mmoja wa mbali ambaye lugha yake sikuielewa hata chembe, ila mikono yake niliielewa vizuri. Kwake ndiko nilikoona kidude cheusi chenye miguu minane: ukikigusisha waya mara moja tu, kinawasha taa kwa muda, halafu kinaizima chenyewe. Nikawaza: mtu akikanyaga mlangoni pa ua, taa iwake ndani. Bibi hasikii, lakini macho yake yalikuwa yanaona kunguru kabla kunguru hajamwona.

Nilianza kwa kuviringisha waya juu ya kipande cha boksi. Kuku wakaparua, waya zikaachia. Nikafunga upya, zikaachia tena. Ndipo nikaelewa kwa nini ndani ya redio hakuna waya zinazoning'inia, kuna ubao wenye njia za shaba zilizolala chini, zisizoogopa kuku. Nikaenda kwa fundi redio mmoja mjini kumwomba anifundishe kutengeneza bodi.

Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Bodi haitengenezwi nyumbani, mdogo wangu. Inatoka kiwandani. Wewe soma, uje uwe nesi."

"Kiwandani wanaitengeneza watu gani?"

"Watu wenye mashine."

"Kabla hawajawa na mashine je?"

Alinitazama, akachakura chini ya meza, akanirushia kipande cha ubao chenye ngozi ya shaba upande mmoja, na vidude kadhaa alivyovitoa kwenye mizoga ya mashine, kimoja kikiwa kile cha miguu minane. "Chukua. Kashindwe vizuri." Nilimshukuru kwa adabu zote, na moyoni nikamwapia kwamba sishindwi ng'o.

Kazi ni hii: unachora njia zako juu ya shaba kwa kitu kisichoyeyuka, halafu unautia ubao kwenye maji makali yanayokula shaba yote uliyoiacha wazi. Kinachobaki ndizo njia za umeme. Kitu kisichoyeyuka nilichoweza kukipata kilikuwa rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva, niliyopewa na mama mdogo. Na kwetu mama alikuwa mwimba kwaya, mtu ambaye kwake msichana wa shule mwenye kucha za rangi alikuwa ameshafika nusu ya safari ya kwenda motoni. Akaikuta chupa kwenye begi langu.

"Minza. Umeanza lini?"

"Siyo ya kucha, mama. Ni ya umeme."

Mama alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia kupiga. Nikamnyooshea vidole vyote, visafi, nikamweleza habari ya Bibi, mlango na taa. Akairudisha chupa mwenyewe ndani ya begi. "Nikiiona kwenye kidole, hata kimoja, usinijue." Hakuniambia niache.

Mwamapalala nilichora kwanza mchangani kwa kijiti. Sharti la bodi ni kwamba njia mbili zisizohusiana zisikatane, na yangu moja ilikuwa inagoma. Bibi alitoka akasimama juu yangu.

"Hizi ni njia za ng'ombe?"

"Ni njia za umeme!" nikampigia kelele sikioni. "Hii na hii zisikutane!"

Akacheka, akaishika fimbo yake, akaipitisha njia ile korofi nyuma ya nyingine, kwa mzunguko mrefu ambao sikuuwaza. Ikakubali. Tuliichora hivyo hivyo juu ya shaba, kwa njiti ya kiberiti iliyochovywa rangi. Kisha nikachanganya siki, chumvi na ile dawa ya vidonda inayotoa povu, nikautumbukiza ubao, nikaliweka beseni juani. Maji yakaanza kugeuka kijani. Bibi alivuta kigoda akakaa mbele ya beseni kama anayepika maharage, na kila baada ya kitambo kidogo anauliza kama kimeiva.

Kiliiva. Nilipoifuta rangi, njia za shaba zikatokea zinang'aa, zetu wenyewe. Nikachomelea vidude kwa kipande cha shaba nilichokipasha kwenye jiko la mkaa. Nikaunganisha betri ya sola ya Bibi, na taa nyekundu ya breki ya pikipiki ukutani. Pale mlangoni nikafukia vipande viwili vya debe vilivyotenganishwa na sponji ya godoro, gunia juu. Nikakanyaga.

Kimya. Nikaruka juu ya gunia kama mwehu. Kimya.

Baba mkubwa alikuwa anakuja kesho yake na gari. Nilikaa chini nikalia, Bibi ananitazama tu. Halafu nikaigeuza bodi huku na huku, nikaona: nilikuwa nimenakili mchoro wa upande wa nyuma nikauweka mbele. Kila kitu kilikuwa kinyume, kama maandishi kwenye kioo, na shaba nyingine sikuwa nayo. Nikapangusa makamasi. Kama bodi iko kinyume, na kidude kitakaa kinyume. Nikakitoa, nikakilaza chali, miguu juu kama mende aliyekufa, nikaikunja mmoja mmoja mpaka ikafikia njia zake. Nikamwomba Bibi akakanyage yeye. Ukuta ukawa mwekundu.

Asubuhi Baba mkubwa aliliacha gari barabarani akaja kwa miguu. Tulikuwa ndani na Bibi. Taa ikawaka. Bibi aliweka bakuli chini, akajitengeneza kanga, akatoka, na kabla mwanaye hajafungua mdomo kupiga hodi akamwamkia Kisukuma: "Mwangaluka, Shija."

Baba mkubwa aliduwaa. "Mwangaluka, mayu," akamwitikia mama yake. Akatazama nyuma yake kama kuna mtu aliyemtangulia.

Nikamwonyesha. Alipiga magoti akafunua gunia, akaingia ndani, akaishika bodi, akakikodolea macho kidude kilicholala chali.

"Na hiki kikiharibika?"

"Nitatengeneza kingine."

"Wewe mtoto, unabishana na mimi?"

Mdomo haukukubali kufunga. "Bibi alisema hahami, Baba mkubwa. Alisema mbele yenu wote."

Aliinua mkono, nikadhani ni wa kunizaba. Aliupeleka kichwani kwake akajikuna. Bibi, ambaye sijui alisikia nini, akasema kwa sauti ile ya kuita ng'ombe: "Shija! Kama umekuja na gari, nipelekee magunia ya pamba mnadani. Mimi nina kazi."

Akayapeleka.

Taa ile iliwaka kwa watu, kwa mbuzi, na kwa watoto wa jirani waliogundua kukanyaga na kukimbia. Bibi akawa anawatokea na fimbo, na nadhani hajawahi kufurahi hivyo. Niliitengeneza tena mara nyingi. Alifia kwenye kitanda chake mwenyewe, Mwamapalala, nikiwa chuoni nasomea umeme.

Kwenye msiba wake ndipo shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, aliponieleza nisichokijua. Bibi alipofiwa na mume akiwa bado kijana, ukoo wa mumewe ulimpangia arithiwe na shemeji yake. Alikataa. Wakamwambia basi atoke kwenye mji wao. Akatoka na watoto wake, akaomba kipande cha ardhi, akafyatua tofali kwa mikono yake, na mwanamke mwenye watoto mgongoni na miguuni akapandisha ukuta. Kabla ya hapo alilala kwa baba yake, kisha kwa mume. Nyumba ile ndiyo ya kwanza maishani mwake ambamo hakuna mtu aliyempeleka.

Miaka yote nilidhani nilimsaidia kizee asiyetaka kuzoea mjini. Kumbe mimi niliingia mwishoni mwa vita aliyokuwa anaipigana tangu kabla baba yangu hajajua kutembea, nikabeba kipande kidogo cha ubao, na yeye akanipisha nisimame kando yake.