Kompyuta ya Mchumba Ilivyotuangushia Tangi

Hamtaniamini, lakini mimi nimewahi kuona posa ikisombwa na maji. Nasema maji kweli, ya matope, yamebeba na viatu vya wakwe.

Posa yenyewe ilikuwa ya dada yangu. Tulieni niwape mkasa mzima.

Dada anafundisha fizikia sekondari. Huko shuleni ni Mwalimu, wanafunzi wakimwona kwa mbali wanachomekea mashati. Akirudi nyumbani kwa baba ni "wewe mtoto, hebu lete chai."

Baba alikuwa na homa ya kumwozesha. Ndipo akaja huyu bwana.

Mtaa mzima ukamwita Injinia. Injinia wa nini, hakuna aliyeuliza. Alichokuwa nacho ni shati lenye mfuko mkubwa kifuani, na ndani ya mfuko kompyuta ya kiganjani, ile ya kugusa kwa kijiti. Mimi nikamwita Bwana Kijiti.

Humo ndani kulikuwa na programu ya fizikia. Kanuni zote zimepangwa: mwendo, nguvu, uzito, joto. Unachagua kanuni, unaingiza namba, unabonyeza, jibu hilo hapo.

Jamani, yule mtu alikuwa habanduki. Chai ikimwagika, anachomoa kijiti apige hesabu ya kasi yake. Mlango ukijibamiza, kijiti! Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu zake alizinyoa akaziweka mfukoni.

Na baba? Hoi bin taaban kwa mapenzi. Utadhani yeye ndiye anayeolewa.

Siku ya kwanza Bwana Kijiti alimpa dada aishike ile kompyuta, taratibu kama anampakata kichanga. Dada akaigusagusa kidogo, akatabasamu, akairudisha.

"Ngumu kidogo kwa mtu asiyezoea," bwana akamwambia.

Mwalimu wa fizikia huyo anayeambiwa. Dada akasema tu, "Haya." Mimi nusura nipasuke kwa hasira.

Sasa, dada alikuwa amenunua tangi la lita elfu moja kwa mshahara wake, maana mama alishachoka na ndoo. Lilihitaji jukwaa la mbao uani. Baba akamkabidhi kazi hiyo mkwe mtarajiwa.

"Lita elfu moja za maji ni kilo elfu moja," akasema, kijiti kikicheza. "Uzito wake newtoni elfu moja na mia sita na kitu." Akatugeukia. "Kwa lugha yenu, kama wanaume wawili walioshiba."

Tukatazamana. Nyumba ile hakuna asiyewahi kubeba ndoo.

"Mwanangu," mama akasema, "ndoo moja tu inanivunja kiuno. Tangi lile si linameza ndoo hamsini?"

"Mama, hiyo ni hisia. Hii ni fizikia."

Dada akainua macho. "Kilo elfu moja, newtoni elfu moja na mia sita. Huoni kitu hapo?"

"Naona jibu."

"Hebu angalia tena. Kioo chote, taratibu."

"Mashine haikosei, mpenzi."

"Mimi nakwambia mbao hizo hazitoshi."

Baba akaingilia. "Ah! Mwache mwanaume afanye kazi!"

Seremala alikuwa ameshaleta mbao nene. Akaambiwa azirudishe, alete nyembamba. "Mabosi ni nyie," akasema, akapakia mzigo wake.

Jukwaa likasimama. Miguu yake ukiitazama unaionea huruma.

Siku ya wakwe kuja kupanga tarehe ikafika. Baba akataka tangi lijae siku hiyohiyo, wageni waone kazi ya kijana wao. Mpira wa maji ukafunguliwa asubuhi, maji yakawa yanaingia kidogokidogo.

Kitu kimoja kikanishangaza. Uani kulikuwa na kivuli safi, na baba alishapanga viti huko. Dada akavihamishia vyote sebuleni. Akaswaga hata kuku kuwaleta mbele. Kisha akafunga mlango wa uani, ufunguo akautia mfukoni.

"Huko nyuma jua kali," akasema.

Jua gani, na kivuli kile?

Wageni wakaja, wakavua viatu barazani, wakaketi. Mazungumzo yakanoga. Baba akawa anamsifu kijana kuliko hata waliokuja kumposea. "Huyu ana ubongo wa mashine!" Mbwembwe tupu. Bwana Kijiti akawa anaupapasa mfuko wake wa kifuani.

Nikamtazama dada. Alikuwa anakunjakunja ncha ya mtandio. Jambo hili likipita, dada yangu ataishi miaka yote akiambiwa "ngumu kidogo kwa mtu asiyezoea", na mtu wa kumtetea hayupo.

Baba akakohoa, akafungua mdomo kutaja tarehe.

Kraaak!

Kisha mshindo. Vikombe vikaruka mezani.

Kimenuka!

Maji yakaingia kwa chini ya mlango wa uani. Mengine yakazunguka ukuta yakaibukia barazani, yakakusanya viatu vyote vya wakwe na kuvipeleka barabarani. Mjomba mtu, mzee mwenye heshima zake, akatoka nduki na soksi kukimbiza kiatu kimoja.

Dada akafungua mlango. Tangi limepasuka, mbao zimevunjikavunjika. Hakuna aliyeumia, hata kuku.

Bwana Kijiti hakuziangalia mbao. Akachomoa kompyuta. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Jibu ni lilelile," akasema. "Kwa hiyo kosa ni la tangi."

Naapa alisema hivyo, mbele ya watu wazima waliolowa hadi magotini.

Dada akamsogelea, akachukua kijiti, akaonyesha juu, pembeni ya kioo. "Soma hapa."

"Mwe... Mwezi."

"Programu yako inataka kujua uko wapi. Duniani, Mwezini au Mirihi. Siku zote hizi ulikuwa unapiga hesabu za Mwezini. Huko uzito wa kitu ni sehemu ya sita tu ya uzito wa hapa."

"Nani kaweka?"

"Mimi. Siku ile uliponipa niishike."

Baba akafura. "Wewe mtoto! Umetuharibia tangi!"

"Tangi ni langu, baba. Nililinunua mimi, nitanunua lingine. Nilitaka kujua ninaolewa na nani. Neno lenyewe liko hapo juu kila akifungua. Nikamwambia aangalie, hakuangalia. Nikasema mbao hazitoshi, nikaambiwa nimwache mwanaume afanye kazi." "Watoto wa watu wananisikiliza. Kwetu nisikilizwe mpaka tangi lianguke?"

Wakwe wakaokota viatu, wale waliobahatika kuviona, wakaondoka na posa yao.

Baba alinuna siku kadhaa. Tangi jipya lilipokuja na seremala akarudi na mbao, nikamwona baba amesimama mlangoni kwa dada, anakuna kichwa.

"Mwalimu," akasema. "Njoo utupigie hesabu ya hiyo miguu."

Mwalimu! Sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Dada akatoka na penseli yake. Mimi nikajifanya nafagia, machozi yananitoka.

Funzo ni hili. Mashine inajua kanuni, lakini haijui umesimama wapi. Hiyo ni kazi yako wewe mwenye macho. Na nyie wazazi, kabla hamjamshangilia mgeni na mfuko wake, muulizeni binti yenu kwanza. Huenda jibu mnalo humohumo ndani, na nyie mnaliambia linyamaze.

Bwana Kijiti naye? Wiki ileile alimtumia dada ujumbe. Tukakusanyika kuusoma, tukijua anaomba radhi, au anabembeleza arudiwe.

Aliandika: "Samahani, kurudisha Duniani nabonyeza wapi?"

Dada hakumjibu. Kwa ninavyojua mimi, yule bwana mpaka leo yuko Mwezini.